Kabla ya Kupandisha Farasi wa Mabaka, Pima Singa

Ukimpandisha jike mwenye mabaka kwa dume mwenye mabaka kwa sababu tu wote wawili wanapendeza machoni, unaweza kumzika mtoto wao kabla hajatimiza wiki. Atazaliwa mweupe pe, atasimama, atanyonya, kisha tumbo litaanza kumsokota na hakuna dawa itakayomwokoa. Si mkosi, si husuda ya jirani, wala si uzembe wa mtunza banda. Ni jeni moja inayojulikana kwa jina na kwa mahali ilipo, iliyotambuliwa na wanasayansi mwaka 1998, na inapimika kwa singa chache zilizong'olewa shingoni. Kwa hiyo yote nitakayosema hapa kuhusu uzuri, soko na vyeti yanakuja nyuma ya neno moja: pima kwanza, pandisha baadaye.

Namwandikia mtu mwenye jike mmoja au wawili, anayetamani mtoto wa mabaka na hana mwalimu karibu. Huenda uko Texas, ambako farasi hawa wamezoeleka, au uko nyanda za juu za Kenya, ambako farasi ni wachache na wataalamu wa nasaba zao ni wachache zaidi. Hesabu za urithi ni zilezile kokote.

Tuanze na majina mawili yanayowachanganya wengi, Pinto na Paint. Farasi wa mabaka waliingia Amerika na Wahispania. Hernán Cortés alipotua Mexico mwaka 1519 alikuwa na farasi 16, na askari wake Bernal Díaz del Castillo aliwaorodhesha baadaye mmoja mmoja pamoja na rangi zao. Wazao wa farasi wa Kihispania walienea kaskazini, wengine wakazaana porini, wengine wakaingia mikononi mwa wenyeji wa nyanda tambarare, na Wacomanche wakasifika kwa kuwapenda wenye mabaka. Karne ya 20 mambo yakageuka. Chama cha wafugaji wa nasaba ya Quarter Horse kilichoanzishwa 1940 kilikataa farasi mwenye weupe uliopita kiasi, hata kama baba na mama yake wote wamo daftarini. Waliozaliwa na mabaka wakabaki bila cheti. Wafugaji waliochoshwa na jambo hilo, akiwemo Rebecca Tyler Lockhart wa Texas, walifungua daftari lao 1962, na muungano wa 1965 ukazaa American Paint Horse Association, yenye makao yake Fort Worth. Sheria ile ya weupe ilikuja kufutwa na chama cha Quarter Horse mwaka 2004.

Ndiyo maana Paint ni nasaba: wazazi wake lazima watoke Paint, Quarter Horse au Thoroughbred waliosajiliwa, na mabaka ni sharti la pili. Pinto ni rangi. Chama cha Pinto cha Marekani, kilichosajiliwa 1956, hupokea farasi wa asili mbalimbali, poni kwa wakubwa, almuradi mabaka yatoshe. Kila Paint mwenye mabaka ni pinto, lakini si kila pinto ni Paint. Mwuzaji akikuambia "huyu ni Paint" na hana cheti cha nasaba, amekuuzia rangi tu, na bei ishuke ifanane na hilo. Usichanganye pia pinto na Appaloosa. Madoadoa ya Appaloosa hutoka kwenye jeni nyingine kabisa, yenye matatizo yake: farasi mwenye nakala mbili za jeni hiyo haoni gizani.

Sasa tuje kwenye rangi yenyewe, maana hapa ndipo mfugaji hupata au hupoteza. Kila farasi ana rangi ya msingi. Aidha ni mwekundu mwili mzima hadi singa, au mweusi, au hudhurungi mwenye singa, mkia na miguu myeusi. Rangi nyingine nyingi, ile ya dhahabu yenye singa nyeupe ikiwemo, ni hizo tatu zilizozimuliwa na jeni nyingine. Weupe wa mabaka haumo kwenye hesabu hiyo. Baka jeupe ni mahali ambapo rangi haikufika.

Mimba ikiwa changa, chembe zitakazotengeneza rangi huanzia kwenye mstari wa mgongo, kisha husafiri kuteremka mbavuni, miguuni na usoni. Zikifika salama, ngozi huwa nyeusi na manyoya hupata rangi. Zikikwama au kufa njiani, ngozi hubaki ya waridi na manyoya hutoka meupe. Paji la uso, pua na kwato viko mbali na mgongo, na ndiyo maana hata farasi wa kawaida huwa na alama nyeupe usoni na soksi nyeupe miguuni. Lakini mstari huohuo wa mgongo ndiko zinakoanzia pia chembe za neva za utumbo. Na ndani ya sikio kuna chembe za rangi ambazo bila hizo farasi hasikii. Ukilielewa hili, hutashangaa kwamba jeni inayochora ubavu inaweza kuua tumbo au kuziba masikio.

Jifunze kwanza kuisoma michoro. Loweka farasi kwa maji mpaka ngozi ionekane chini ya manyoya. Fuata ukingo wa baka kwa kidole: mara nyingi utaona utepe mwembamba ambapo manyoya meupe yamelala juu ya ngozi nyeusi, na baada ya hapo ngozi inageuka waridi ghafla. Mpaka wa kweli wa baka ni wa ngozi. Wasajili wa Paint wanataka weupe wenye ngozi ya waridi chini yake, na kipimo chao cha kawaida kwa baka ni zaidi ya inchi 2. Piga picha pande zote nne farasi akiwa amelowa, na uzihifadhi.

Tobiano ndiyo rahisi kutambua. Weupe huvuka mgongo mahali fulani kati ya mabega na mkia na kuteremka ubavuni. Miguu huwa myeupe kuanzia gotini kwenda chini. Kichwa hubaki na rangi, pengine na nyota au mstari mweupe tu, na macho huwa ya kahawia. Kingo za mabaka ni laini na za mviringo. Mkia mara nyingi huwa na rangi mbili. Chanzo chake ni kipande cha kromosomu ya 3 kilichogeuzwa kichwa chini, karibu na jeni iitwayo KIT, na watafiti walikieleza mwaka 2007. Nakala moja inatosha kuleta mabaka, na nakala mbili hazimdhuru farasi hata kidogo. Kwa anayeanza, tobiano ndiyo njia ninayoipendekeza bila kusita.

Hesabu yake ni nyepesi. Karatasi ya maabara itaandika N/N kwa asiye nayo, N/TO kwa mwenye nakala moja, na TO/TO kwa mwenye mbili. Jike N/N akipandwa na dume N/TO, kila mimba ina nafasi ya asilimia 50 kuleta mabaka. Wote wawili wakiwa N/TO, nafasi ni asilimia 75. Dume akiwa TO/TO, kila mtoto atabeba tobiano, hata mama awe mweusi asiye na doa. Ndiyo maana madume wa TO/TO hutangazwa kwa mbwembwe na ada yao hupanda. Kumbuka tu kwamba kila mimba ni bahati nasibu mpya. Kupata watoto wawili mfululizo wasio na mabaka hakumaanishi kwamba wa tatu "anadaiwa" mabaka.

Wafugaji wa zamani hutazama vidoa vidogo vya wino vilivyojikusanya ndani ya weupe na kusema huyu ana nakala mbili. Vidoa hivyo huonekana sana kwa TO/TO, ni kweli, lakini huonekana pia kwa N/TO. Usilipe ada ya juu kwa ajili ya vidoa.

Kuna jambo moja la tobiano ambalo wafugaji wengi hawaambiwi. Jeni inayoamua kama farasi atakuwa mwekundu au mweusi nayo iko kwenye kromosomu ya 3, karibu na tobiano kiasi kwamba mara nyingi hurithiwa pamoja. Tuseme dume wako ni mweusi wa tobiano, alipata weusi na mabaka kutoka kwa mzazi mmoja, na wekundu uliofichika bila mabaka kutoka kwa mwingine. Ukimpandisha kwa majike wekundu wasio na mabaka, watoto wake wenye mabaka wengi wao hawatakuwa wekundu, na wasio na mabaka wengi watakuwa wekundu. Kama soko lako linataka mabaka mekundu, dume huyo atakuchelewesha miaka. Uliza rangi za babu na bibi kabla ya kulipa.

Sasa overo ya fremu. Simama ubavuni mwa farasi utaona weupe umekaa katikati ya mbavu na shingo, na rangi imeuzunguka pande zote kama fremu ya picha. Kwa kawaida weupe hauvuki mgongo kati ya mabega na mkia. Uso huwa mweupe sana, jicho moja au yote mawili huwa ya buluu, na miguu mara nyingi hubaki na rangi. Kingo zake zimechongoka. Ni mchoro mzuri kupindukia, na wafugaji wengi huupenda kuliko yote.

Jeni yake inaitwa EDNRB na iko kwenye kromosomu ya 17. Nakala moja huchora fremu na farasi huishi maisha yake yote bila tatizo. Nakala mbili huua. Chembe za rangi hazifiki karibu popote, kwa hiyo mtoto huzaliwa mweupe, na chembe za neva hazifiki sehemu ya mwisho ya utumbo, kwa hiyo utumbo hausukumi kitu. Hakuna upasuaji unaotibu hali hiyo. Mtoto huanza kuumwa tumbo ndani ya saa chache, na daktari wa mifugo hushauri kumlaza kwa dawa ili asiteseke bure. Tutauita weupe wa mauti. Kwenye karatasi ya maabara kipimo chake hupewa alama kama LWO au O, na mwenye nakala moja huandikwa N/O.

Tazama hesabu kwa makini, kwa sababu ndiyo inayoondoa kisingizio cha "nilitaka mabaka zaidi". Ukikutanisha N/O na N/O, katika watoto wanne, kwa wastani, wawili watakuwa na fremu, mmoja hatakuwa nayo, na mmoja atakufa. Ukikutanisha N/O na N/N, katika watoto wanne wawili watakuwa na fremu, wawili hawatakuwa nayo, na hakuna atakayekufa. Watoto hai wa fremu ni wawili huku na wawili kule. Hukupata mtoto hata mmoja wa fremu zaidi. Ulichofanya ni kumbebesha jike mimba ya miezi 11, kulipa ada ya dume, kulipa daktari, na kuongeza hatari ya asilimia 25 ya kuzika. Kwa maoni yangu hakuna sababu yoyote ya kumkutanisha N/O na N/O mwenzake, na mfugaji anayefanya hivyo akijua hastahili kuuza farasi kwa mtu.

Utasema: basi nitaepuka tu kuwakutanisha wawili wenye fremu. Ingekuwa rahisi hivyo kama fremu ingejionyesha siku zote. Haifanyi hivyo. Kuna farasi wenye N/O ambao weupe wao ni uso mpana tu na miguu ya kawaida. Wengine wana alama ndogo ambazo hata mtu mzoefu hazimshtui. Tobiano nayo inaweza kuifunika: farasi mwenye tobiano na fremu kwa pamoja huitwa tovero, na pengine weupe wa tobiano umetawala mwili hata fremu usiione. Jeni hii imepatikana kwa Paint, Quarter Horse, Thoroughbred, farasi wadogo kabisa wa mapambo na mastangi wa porini. Kwa hiyo jike wako mwekundu mwenye uso mweupe, mwenye damu ya Kimarekani, asiye na baka hata moja ubavuni, naye apimwe.

Kupima kwenyewe ni kazi ya dakika tano. Chagua singa za shingo au mkia zilizo kavu na safi. Zishike chache karibu na ngozi, uzivute kwa mkupuo mmoja ili zitoke na mizizi, kwa sababu vinasaba vimo kwenye mzizi. Singa iliyokatwa kwa mkasi haifai kitu. Tazama ncha uone kijifundo cheupe. Kusanya 20 hadi 30, zibandike kwenye fomu ya maabara au uzitie bahasha ya karatasi, uandike jina la farasi. Usizichanganye na za farasi mwingine, na unawe mikono kati ya farasi na farasi. Maabara ya vinasaba ya mifugo ya Chuo Kikuu cha California huko Davis ni miongoni mwa zinazopokea sampuli kwa posta. Agiza kipimo cha tobiano, cha LWO na cha splashi, mchoro nitakaoueleza hapa chini, kwa pamoja, na kama farasi ana damu ya Quarter Horse au Paint agiza pia kifurushi cha magonjwa ya urithi ya nasaba hizo. Mmojawapo, HYPP, hushambulia misuli na ulienezwa na ukoo wa dume mashuhuri aitwaye Impressive, ambaye watoto wake walipendwa kwa misuli minene. Wafugaji walikimbilia misuli na ugonjwa ukasambaa nayo. Rangi inaweza kuwafanya watu wakosee vilevile.

Sabino na splashi nitazieleza kwa ufupi. Sabino huanzia chini kwenda juu: miguu mirefu myeupe yenye ncha zilizochongoka, mstari mpana usoni unaofika kidevuni, baka tumboni, na manyoya meupe yaliyochanganyika na ya rangi kwenye kingo. Aina moja tu ya sabino, iliyotambuliwa 2005, ndiyo yenye kipimo kinachoitwa kwa jina hilo, na mwenye nakala mbili zake huzaliwa karibu mweupe wote akiwa na afya njema. Nyingi nyingine zenye sura ya sabino bado hazina kipimo, kwa hiyo karatasi ya "N/N" haimaanishi kwamba mabaka hayatatokea. Iko pia familia ya weupe unaotawala, wenye zaidi ya mabadiliko 30 yaliyoandikwa kwenye jeni ya KIT. Baadhi yake inaaminika kwamba mimba yenye nakala mbili haikui.

Splashi inaonekana hivi: uso mweupe ulioshuka hadi taya, macho ya buluu, miguu na tumbo vyeupe, na kingo safi zisizochongoka. Aina iliyoenea zaidi imo kwenye jeni ya MITF. Farasi wengi wa splashi husikia vizuri, lakini baadhi huzaliwa viziwi, hasa wenye weupe mwingi masikioni na kichwani. Kiziwi anafundishika, ila mwenye kumpanda lazima ajue, na mnunuzi lazima aambiwe. Aina nyingine za splashi zinashukiwa kwamba mimba haistahimili nakala mbili, kwa hiyo usizikutanishe. Jicho la buluu lenyewe si ugonjwa. Linaona sawa na la kahawia.

Kuna jeni moja inayoweza kukufutia kazi yote: ile ya kijivu. Farasi mwenye jeni hiyo huzaliwa na rangi yake na mabaka yake, kisha manyoya hupauka mwaka hadi mwaka mpaka awe mweupe mzima. Mabaka hubaki kwenye ngozi tu, na utayaona akilowa. Mzazi wa kijivu mwenye nakala moja huirithisha kwa nusu ya watoto wake, kwa wastani. Kama unafuga kwa ajili ya mabaka, muache dume wa kijivu apite, hata awe mzuri vipi.

Kwa wasomaji wa Ghuba na wa Afrika Mashariki wanaonunua farasi wa nasaba nyingine, hili liwakae kichwani. Farasi wa Kiarabu wa damu safi hana tobiano. Thoroughbred wa damu safi, wale wa mbio za Ngong wakiwemo, hana tobiano. Mtu akikuletea "Mwarabu safi" mwenye mabaka makubwa ya mviringo yaliyovuka mgongo, mbele yako amesimama chotara. Huenda ni farasi mzuri sana, na chotara wa Kiarabu wenye mabaka wana wapenzi wao na madaraja yao katika maonyesho ya Pinto, lakini usiuziwe mbuzi kwenye gunia kwa bei ya damu safi.

Sasa, baada ya kupima, chagua mzazi kwa mpangilio huu: miguu, mgongo, tabia, afya ya uzazi, halafu rangi. Mtazame dume akitembea kuja kwako na akiondoka. Mguu uliopinda ndani haunyooki kwa sababu una soksi nyeupe. Mguse masikio na kwato. Dume anayeng'ata mtunzaji wake wa kila siku atakupa watoto wa kukuchosha. Muulize mwenye dume kuhusu watoto wake waliokwisha kupandwa na watu, wangapi wanafanya kazi na wangapi wameuzwa tena haraka. Ukikutanisha N/TO na N/N, nusu ya watoto kwa wastani hawatakuwa na mabaka, na hao nao watahitaji makao na kazi. Kama mtoto asiye na mabaka kutoka kwa wazazi hawa hutamtaka, usiwakutanishe.

Baadhi ya wanunuzi hukwepa kwato nyeupe wakidai ni laini. Rangi ya kwato haipunguzi ugumu wake. Lishe, unyevu wa banda na mkono wa mpunguza kwato ndivyo vinavyoamua. Ngozi ya waridi ndiyo yenye udhaifu wa kweli. Haina kinga dhidi ya jua, na jua la ikweta halina huruma. Pua nyeupe huungua na kuchanika, na kope za waridi, hasa zenye jicho la buluu, hupata saratani ya ngozi kwa urahisi zaidi, kama zinavyoipata sehemu za siri zisizo na rangi. Mpe kivuli saa za adhuhuri, mvalishe barakoa ya kukinga nzi na jua, mpake krimu ya zinki puani, na kidonda chochote cha kope kisichopona kwa wiki mbili kionwe na daktari. Miguu myeupe nayo huugua vidonda vya matope msimu wa mvua. Ikaushe, usiiloweke kila jioni. Ukiona weupe peke yake umevimba na kuchubuka huku sehemu zenye rangi ni nzima, chunguza malisho na ini, maana mimea kadhaa huifanya ngozi ya waridi ishindwe kabisa kuvumilia mwanga.

Siku ya kuzaa, shika kanuni ya saa moja, mbili na tatu. Mtoto asimame ndani ya saa moja, anyonye ndani ya saa mbili, na kondo la nyuma litoke ndani ya saa tatu. Hakikisha amepata dang'a ya kutosha, na uangalie kama amepata choo cha kwanza, kile cheusi kinachonata. Andika alama zake na umpige picha siku za mwanzo, kwa sababu manyoya ya kwanza yakipukutika rangi hubadilika.

Na akizaliwa mweupe wote? Usikimbilie kumuua. Wapo watoto weupe wenye afya: wenye nakala mbili za sabino, wenye weupe unaotawala, na wenye nakala mbili za jeni ya krimu, ambao wana macho ya buluu na manyoya ya rangi ya maziwa. Toa karatasi za vipimo vya wazazi. Kama mmoja wao ni N/N kwa LWO, weupe wa mauti haupo, mlee. Kama wote wawili ni N/O, mpigie daktari wa mifugo palepale. Mtoto asiyepata choo, anayejinyoosha, anayejitupa chini na kutazama ubavu wake, asiachwe ateseke hadi asubuhi. Na kama hamna karatasi, daktari afike mapema, kwa sababu mtoto mwenye choo kigumu tu anatibika kwa enema, na dalili zake za kwanza zinafanana.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada ya dume, mwombe mwenyewe akuonyeshe karatasi ya LWO yenye jina la dume huyo na jina la maabara, ukiwa na ya jike wako mkononi. Picha haitoshi, wala neno la mdomo. Akisema hajawahi kupima, mpe bahasha aweke singa 30, usubiri majibu. Akikataa, tafuta dume mwingine.